Tunaikumbuka 49, mfungaji tumemsahau

Mpira umetengwa. Yanga wanaongoza 1-0 kwa bao la Yannick Bangala, na wenyeji wao ni timu iliyokuwa ikisota huko chini ya msimamo. Never Tigere, Mzimbabwe aliyewahi kukipiga Azam, anaupiga mpira huo wa adhabu na unazama wavuni. Uwanja wa Highland Estates kule Mbarali unalipuka. Kipindi cha pili Lenny Kissu anaongeza la pili, na filimbi ya mwisho inalia ubao ukisoma Ihefu 2, Yanga 1. Ni Jumanne, Novemba 29, 2022.

Kila anayefuatilia Ligi Kuu yetu ya Tanzania anaikumbuka siku hiyo, na anaikumbuka kwa namba moja.

49.

Hizo ni mechi za ligi ambazo Yanga walikuwa wamecheza bila kufungwa tangu Azam wawalaze 1-0 Aprili 2021. Muulize shabiki yeyote, wa Jangwani (Yanga) au wa Msimbazi (Simba), rekodi ya 49 ilivunjwa wapi. Atajibu kabla hujamaliza kuuliza. Muulize nani alifunga bao la ushindi, utaona anakuna kichwa. "Yule… jamaa mmoja wa Ihefu."

Kwa wiki kadhaa sasa jambo hili limekuwa likinikwaruza. Ihefu walishinda mechi, lakini namba iliyobaki kwenye kumbukumbu ni ya Yanga. Hata siku ya ushindi wao mkubwa kuliko yote, waliandikwa kama mahali ambapo Yanga walipatwa na jambo.

Kiima ni nani?

Chukua vichwa vya habari vya aina tunayoijua sote. "Simba yabanwa Sokoine." "Yanga yachapwa Mbarali." "Mnyama aponea chupuchupu Kaitaba." Ukivisoma mbio huoni kasoro, ni Kiswahili cha magazetini, kifupi na chenye chumvi. Visome tena ukitafuta kiima, kama tulivyofundishwa darasani.

Kiima ni Simba, huyo huyo Mnyama. Kiima ni Yanga. Aliyefanya kazi ya kubana na kuchapa hayupo. Amemezwa na kauli ya kutendwa, na nafasi yake imepewa uwanja.

Lugha yenyewe haina kosa. Inatuachia "na" ya kumrudisha mtenda: Simba yabanwa na Prisons. Ila kichwa cha ukurasa wa mbele kina nafasi ya maneno matatu, manne yakibanana, na mtenda ndiye wa kwanza kutupwa nje. "Sokoine", uwanja wa Mbeya, inabaki kwa sababu ina ladha ya safari: mkubwa alikwenda mbali, huko akakutana na makubwa.

Mkubwa akishinda, kitenzi kinabadilika papo hapo. Yaua. Yagawa dozi. Yatakata. Kwa hiyo mkubwa akishinda ametenda, akifungwa ametendwa, na mdogo ni nadra sana kutenda chochote.

Anayedhani natia chumvi afanye zoezi hili kwa wiki mbili. Chora safu tatu kwenye daftari: kiima cha kichwa cha habari, kitenzi, na kama timu ya pili imetajwa kwa jina au kwa uwanja tu. Jaza kurasa za michezo za Jumatatu na Alhamisi, siku ambazo ligi imetoka kuchezwa. Usihesabu urefu wa habari, hesabu viima. Urefu unadanganya, maana habari ndefu kuhusu timu kama Namungo inaweza kuwa yote imetoka mdomoni mwa kocha wa Simba.

Mechi 182

Ligi Kuu yenye timu 16 ina mechi 240 kwa msimu. Kila timu inacheza 30. Simba 30, Yanga 30, ukitoa mbili wanazokutana wenyewe unabaki na 58. Maana yake mechi 182 za msimu mzima hazina Simba wala Yanga ndani yake.

Ni zaidi ya robo tatu ya ligi.

Ukiwaongeza Azam, ambao nao wana nafasi yao ya uhakika magazetini, zinabaki 156. Kwenye hizo 156 ndiko kuna vita vya kutoshuka daraja, ndiko kipa wa miaka 20 anapata mechi zake za kwanza, ndiko Wagosi wa Kaya (Coastal Union) na Wakata Miwa (Mtibwa Sugar) wanaumizana kwenye jua la saa 8:00 mchana. Zinaishia kwenye kisanduku chini kulia: "Matokeo mengine". Mstari mmoja kwa mechi, wakati mwingine bila hata wafungaji.

Ligi ya Championship, daraja la chini yake, ina timu zake 16 na mechi zake 240. Huko hata kisanduku ni bahati.

Tuna tabia ya kujitetea kwamba hao wengine hawajawahi kuwa kitu. Mseto ya Morogoro ilichukua ubingwa wa Bara 1975. Tukuyu Stars 1986, ikiwa ndiyo kwanza imepanda. Coastal Union 1988. Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari kule Turiani, ilichukua mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Tangu hapo ni Azam peke yao, msimu wa 2013/14, waliowahi kuupokonya ubingwa mikononi mwa wakubwa wawili, na walifanya hivyo bila kupoteza mechi. Msimu huohuo Mbeya City, wageni wa ligi, walimaliza wa tatu. Wapo wanaosema ligi imekufa kwa sababu wadogo hawana ushindani. Mimi sijui nani alianza kumsahau mwenzake.

Inapopotelea

Ni rahisi kumlaumu mhariri. Tufuate mechi moja tuone inavyokwenda.

Tuseme Prisons wanawakaribisha Kagera Sugar pale Mbeya, saa 10:00 jioni. Weka dakika 90, mapumziko 15, na nyongeza za vipindi vyote viwili: filimbi ya mwisho inakaribia saa 12:00. Gazeti linachapwa Dar es Salaam. Toleo la mikoani linafungwa kabla ya lile la mjini kwa sababu magari lazima yaondoke usiku ili asubuhi mzigo uwe umefika. Mwandishi ana saa moja, labda na nusu. Mechi ikianza saa 1:00 usiku, imekwisha saa 3:00, na toleo hilo limeshaondoka.

Hapo pana kichekesho kichungu. Msomaji wa mbali zaidi ndiye anayeuziwa gazeti lililofungwa mapema zaidi, na ndiye mwenye timu ya huko huko.

Sasa mtazame mwandishi mwenyewe. Wengi wa mikoani ni wa kujitegemea, na kwa kawaida wanalipwa kwa kilichochapwa, si kwa walichotuma. Huyo huyo ndiye anayeandika kesi za mahakamani, ajali za barabarani na ziara za mkuu wa mkoa. Jumamosi jioni akipiga hesabu ya nauli, vocha na uwezekano wa kuchapwa mstari mmoja, mechi ya Prisons inashindwa. Si kwamba haipendi.

Akienda na kutuma, bado kuna dawati. Kurasa zinapangwa mchana, kabla mpira haujachezwa. Nafasi ya Simba imeshachorwa, picha imeshaachiwa pengo lake. Kinachobaki baada ya matangazo ndicho cha wengine. Habari ikizidi inakatwa kutoka chini kwenda juu, na hapa waandishi wengi chipukizi wanajimaliza wenyewe: wanafungua na hali ya hewa, wanaweka kocha aya ya pili, mfungaji wanamtunza aya ya nne kama zawadi. Mkasi ukipita, mfungaji anakwenda nao.

Ukiandikia timu isiyo na nafasi ya uhakika, sentensi ya kwanza ibebe timu zote mbili, matokeo, wafungaji, dakika na uwanja. Ikibaki hiyo peke yake, mechi imeokoka.

Sekunde ya 20 baada ya dakika ya 38

Nimetaja dakika, na hapa ndipo kumbukumbu zetu nyingi zinapopinda.

Bao likifungwa saa ya uwanjani ikionyesha 38:20, huandikwa dakika ya 39, kwa sababu dakika ya 39 ndiyo imeanza. Mwandishi anayetazama simu yake anaandika 38, mtangazaji wa redio anasema 39, ukurasa wa klabu unaweka 40 kwa sababu aliyekuwa akiandika alikuwa bado anashangilia. Mwaka ukipita, bao moja lina dakika tatu.

Dawa ni ndogo. Anza saa ya simu mpira unapoguswa, si timu zinapoingia. Kipindi cha pili usiendeleze saa ile ile. Anza upya na uhesabu kutoka 45. Bao la nyongeza kipindi cha kwanza ni 45+2, usiliandike 47, maana 47 ni ya kipindi cha pili na vipindi vitaonekana vimegongana.

Kikosi kipate kabla. Fomu za timu zinakuwa tayari takriban saa moja kabla ya mechi. Mwombe kamishna wa mchezo au mwamuzi wa akiba uzipige picha. Andika majina kama yalivyo kwenye fomu, si yanavyoitwa jukwaani. Kwenye timu kubwa jina la utani halina madhara, kila mtu anajua ni nani. Kwenye timu ndogo, "Messi" wa msimu huu anaondoka Juni na msimu ujao anakuja "Messi" mwingine, na ukisoma baada ya miaka mitatu utadhani ni mtu mmoja.

Namba za jezi zihakikishwe wakati wa kupasha misuli moto. Timu yenye seti moja ya jezi ikichaniwa moja, mchezaji huazima ya mwenzake wa benchi, na bao linahamia kwa mtu ambaye hajaingia uwanjani.

Sub tano kila upande, kadi, waliojifunga. Kujifunga ndiko kunakoleta ugomvi: mpira uliokuwa ukielekea golini ukimgonga beki, bao ni la mpigaji, uliokuwa unatoka nje akauingiza, amejifunga. Kama hukuona vizuri, muulize mtu wa kamera kabla hajakunja nyaya.

Mdomo wa Masau Bwire

Kuna timu ndogo moja ambayo magazeti hayakuisahau kwa miaka: Ruvu Shooting.

Wengi wetu hatukuijua kwa mpira wake. Tuliijua kwa Masau Bwire, ofisa habari wake, aliyekuwa akiahidi "kupapasa" wapinzani kabla ya kila mechi kubwa. Maneno yake yalipata nafasi ambayo mabao ya uwanja wao wa Mabatini hayakuipata. Alilielewa soko kuliko wengi: kama hawataki kuandika mechi yako, wape cha kuandika.

Nilikuwa namwona kama jibu. Timu nyingine nazo zitafute Bwire wao, kama Simba walivyo na Ahmed Ally na Yanga walivyo na Ali Kamwe.

Siku hizi sina uhakika. Ruvu walishuka daraja mwisho wa msimu wa 2022/23, na ukiwauliza watu wakutajie wachezaji watano wa Ruvu wa miaka ile, wanakutajia Bwire. Aliyekuwa na kazi ya kuitangaza timu ndiye aliyekumbukwa, timu ikabaki nyuma ya mgongo wake.

Majukwaa ya nyumbani

Shaka yangu kubwa haiko magazetini hata hivyo. Iko Sokoine Simba wakija. Iko Kaitaba, iko Kirumba.

Jukwaa la nyumbani linageuka jekundu. Watu waliozaliwa mitaa mitatu kutoka uwanjani wanawashangilia wageni kutoka Dar, na timu ya mji wao ikifunga unasikia kimya. Huyo ndiye mnunuzi wa gazeti Jumatatu asubuhi. Anasimama kwenye meza ya magazeti, anasoma vichwa vya habari vyote bure, na kama akinunua, atanunua lenye Simba. Redioni wanasoma magazeti, naye anasubiri lile lile. Mhariri anayeweka Kagera Sugar ukurasa wa mbele anajua nakala zitakazorudi ni ngapi.

Klabu zenyewe zinashiriki. Mechi ya Simba au Yanga ndiyo yenye mapato ya mlangoni ya kueleweka, na tumeshaona timu zikihamisha mechi zao za nyumbani kwenda viwanja vikubwa zaidi ili kuwafuata mashabiki wa mgeni. Ukihamisha nyumba yako kumfuata mgeni, utamlaumu nani akiandikwa yeye?

Nilikaa na swali hilo muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kwa upande wa biashara, mhariri ana hoja na sina cha kumjibu.

Chikola alitoka wapi?

Kilichonigeuza ni mechi nyingine.

Novemba 7, 2024, pale Azam Complex, Tabora United waliwafunga Yanga 3-1. Offen Chikola alifunga mawili. Siku chache kabla Yanga walikuwa wamepoteza kwa Azam, na wiki moja baadaye kocha Miguel Gamondi akaondoka. Kwa hiyo 3-1 ile ikawa habari ya Gamondi: nani atakuja, nani alimchongea, viongozi walikaa saa ngapi. Tabora United walikuwa sababu tu.

Mwaka 2025 Chikola akasajiliwa Yanga. Hapo ndipo kurasa zikajaa: ni nani, anachezaje, anatumia mguu gani, ametoka wapi.

Ametoka kwenye mechi zile zile 182.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Kibu Denis kabla Simba hawajamchukua kutoka Mbeya City mwaka 2021. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa Mbwana Samatta, aliyepita African Lyon kabla ya Simba na TP Mazembe. Jaribu kuyapanga mabao yake ya Lyon moja baada ya jingine, mechi na dakika, kwa kutumia magazeti peke yake. Shabiki wa Simba na Yanga, yule anayenunua gazeti, ndiye anayezihitaji kurasa hizi kila dirisha la usajili linapofunguliwa. Anaambiwa timu yake imesajili "mashine", na hana pa kuangalia mashine hiyo ilicheza dakika ngapi, ilitolewa mara ngapi, ilikaa benchi lini.

Kwa hiyo hata kwa hesabu ya biashara kuna kitu kinauzika hapo. Ila kinahitaji kutunzwa kabla hakijahitajika.

Umbali nao si kisingizio kama zamani. Mwaka 2021 Azam Media walisaini na shirikisho la soka, TFF, mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na mechi nyingi za Ligi Kuu sasa zinaonekana moja kwa moja. Mtu mmoja aliyekaa Tabata mbele ya runinga anaweza kurekodi mabao, kadi na sub za mechi ya Kigoma bila kulipa nauli. Hataona kilichotokea nje ya kamera, hatasikia kocha anavyofokea beki wa kushoto, na kwa hiyo hawezi kuifuta kazi ya aliyeko uwanjani. Lakini mechi haitapita bila kuandikwa.

Nusu ukurasa

Nimejaribu kupima nafasi yenyewe. Raundi ina mechi nane. Kwa kila moja weka timu, matokeo, wafungaji na dakika, vikosi vyote viwili kwa majina, sub, kadi, mwamuzi, uwanja. Wachezaji 22 walioanza, na sub hadi kumi, ni majina 32 kwa wingi wake. Kwa herufi ndogo na jina moja moja unamaliza ndani ya maneno 70 au 80. Mara nane ni takriban 600.

Tetesi moja ya usajili, ya mchezaji ambaye mwishowe hatakuja, hula maneno hayo bila kushiba.

Na klabu ziache kusubiri. Orodha ya wachezaji waliosajiliwa, jina kamili, namba, nafasi na timu aliyotoka, iwekwe mahali pamoja na isiondolewe msimu ukiisha. Kikosi kitolewe kama maandishi, si picha peke yake yenye majina ya utani juu ya nembo ya mdhamini, picha haitafutiki. Matokeo yatolewe hata mkifungwa. Kuna kurasa za klabu ambazo ukizisoma msimu mzima hujakutana na kipigo hata kimoja, halafu Mei unashangaa timu imeshuka.

Timu hizi hazikai. Kitayosce ikawa Tabora United. Ihefu, wale wa Mbarali, waliwafunga tena Yanga 2-1 Oktoba 2023 uwanjani pale pale, kisha wakahamia Singida, na tangu 2024 wanaitwa Singida Black Stars. Jina la Ihefu limeondoka kwenye msimamo. Yanga hawajaenda popote, na 49 yao wanayo.

Kisanduku cha siku ile kingetosha hivi:

Ihefu 2 (Tigere, Kissu), Yanga 1 (Bangala). Highland Estates, Mbarali.